Namna ya Kuondoa Uchafuzi wa Mionzi Katika Maziwa, Kuanzia Zizini Hadi Kiwandani

Maziwa yaliyochafuliwa na dutu za mionzi hayabadiliki rangi, hayanuki wala hayachachi mapema kuliko mengine, na anayeyanywa hawezi kutambua lolote kwa ulimi wake. Kuyachemsha hakusaidii. Moto huua vijidudu kwa sababu vijidudu ni viumbe hai, lakini hauna nguvu yoyote juu ya kiini cha atomu. Kinachotoka sufuriani ni mvuke wa maji, na dutu za mionzi hubaki zikiwa zimekolea zaidi katika maziwa yaliyopungua. Vivyo hivyo, kuyagandisha kwenye friza, kuyachuja kwa kitambaa au kuyaacha yawe mtindi hakuyafanyi kuwa salama.

Zipo, hata hivyo, njia zinazofanya kazi, na baadhi yake zilitumika katika ajali halisi za nyuklia: Windscale nchini Uingereza mnamo Oktoba 1957, Chernobyl nchini Ukraine tarehe 26 Aprili 1986, na Fukushima nchini Japani mnamo Machi 2011. Zote zinategemea kanuni moja ambayo msomaji anapaswa kuishika kabla ya kusoma hatua yoyote: mionzi haiharibiwi. Huzuiwa isiingie kwenye maziwa, au husubiriwa ipungue yenyewe, au huhamishwa kutoka kwenye maziwa kwenda mahali pengine ambapo italazimika kulindwa.

Kwa mlezi aliye nyumbani ushauri ni mfupi. Usijaribu kuyasafisha maziwa unayoyatilia shaka. Fuata matangazo ya mamlaka husika, na wape watoto maziwa ya unga au ya pakiti yaliyotengenezwa kabla ya ajali. Hatua zinazofuata ni kwa ajili ya mfugaji, mkusanyaji, msindikaji na ofisa anayepaswa kuamua maziwa yafanywe nini.

Hatua ya kwanza: Fahamu ni dutu ipi unayopambana nayo

Kosa kubwa kuliko yote ni kuizungumzia "mionzi" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika maziwa kuna dutu tatu za kuhofiwa hasa, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni iodini-131, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Ya pili ni sesiamu-137, yenye nusu-maisha (muda wa kupungua kwa nusu) ya miaka 30, ambayo kwa kawaida huandamana na sesiamu-134 yenye nusu-maisha ya miaka 2. Ya tatu ni stronshiamu-90, yenye nusu-maisha ya karibu miaka 29.

Iodini hukimbilia tezi dundumio iliyo mbele ya shingo. Mtoto ana tezi ndogo na hunywa maziwa mengi kuliko mtu mzima, hivyo kiasi kilekile cha iodini huiumiza tezi yake zaidi. Baada ya ajali ya Chernobyl, hadi kufikia mwaka 2005 zaidi ya wagonjwa 6,000 wa saratani ya tezi hiyo walikuwa wamegunduliwa miongoni mwa watu waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali katika Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika, na maziwa yalikuwa njia kuu iliyoifikisha iodini kwao. Kwa hiyo wiki za mwanzo ndizo za kuamua haraka, na mtu akichelewa siku chache kusubiri uhakika kamili atakuwa amechelewa kwa jambo lenyewe.

Sesiamu inafanana na potasiamu, kwa hiyo huyeyuka katika sehemu ya maji ya maziwa na mwilini huingia kwenye misuli. Stronshiamu inafanana na kalisi. Sehemu yake kubwa hushikamana na protini ya kaseini pamoja na kalisi yenyewe, na mwilini huishia kwenye mifupa. Hakuna kati ya hizo tatu inayopenda mafuta. Sifa hizi zinaonekana ndogo, lakini ndizo zinazoamua kila kinachofuata.

Hatua ya pili: Pima kabla ya kugusa chochote

Kipimo kinachotumika ni bekereli kwa lita, yaani idadi ya atomu zinazovunjika kila sekunde katika lita moja ya maziwa. Tume ya Codex inayoshughulikia viwango vya vyakula imeweka viwango elekezi kwa biashara ya kimataifa baada ya ajali ya nyuklia: bekereli 100 kwa kilo kwa iodini-131 na stronshiamu-90, na bekereli 1,000 kwa kilo kwa sesiamu. Nchi nyingine zimekuwa kali zaidi. Japani, kuanzia Aprili 2012, iliweka kikomo cha bekereli 50 tu kwa kilo kwa sesiamu katika maziwa. Fuata kikomo cha nchi yako, na kama kuna kikomo tofauti kwa chakula cha watoto wachanga, mimi ningekitumia hicho kwa maziwa yote, kwa kuwa hakuna anayejua kopo lipi litaishia mezani kwa nani.

Usitegemee kifaa kidogo cha mkononi kinachosogezwa karibu na ndoo. Maziwa yaliyo salama kabisa yana takriban bekereli 50 kwa lita za potasiamu ya asili yenye mionzi, na kifaa kama hicho hakiwezi kutofautisha hiyo na sesiamu, wala hakiwezi kuona kwa uhakika bekereli 100 zilizomo ndani ya lita moja huku mazingira yenyewe yakitoa mionzi yake. Kinachohitajika ni maabara yenye kipimaji cha mionzi ya gama kilichozungushiwa kuta za risasi, chenye kutenganisha kila dutu kwa nishati ya mionzi yake.

Uchukuaji wa sampuli una utaratibu wake. Koroga tangi au debe hadi krimu iliyopanda juu ichanganyike tena na maziwa yaliyo chini. Ukichota juu juu utachukua mafuta mengi, na kwa kuwa mafuta hayabebi dutu hizi, kipimo kitatoka kidogo kuliko ukweli. Tumia chupa mpya ya lita moja, ijaze karibu na shingo, ifunge, kisha futa nje kwa kitambaa chenye maji na ukitupe kitambaa hicho katika mfuko uliotengwa. Andika kwenye chupa jina la shamba, tarehe na saa ya kukamua, si ya kuchota sampuli peke yake, kwa sababu hesabu ya iodini itategemea saa hiyo. Kama sampuli itachelewa kufika maabara, iweke kwenye baridi isigande na kujitenga.

Stronshiamu-90 haitoi mionzi ya gama, na kwa hiyo kipimaji hicho hakitaiona kabisa. Huhitaji kutenganishwa kwa kemia, kazi ambayo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Majibu ya gama yakitoka safi, hayo si majibu kuhusu stronshiamu.

Jambo moja zaidi hapa: maziwa machafu yasichanganywe na masafi ili kukifikia kikomo. Kufanya hivyo hakuondoi hata bekereli moja. Kunaongeza tu idadi ya watu watakaoinywa.

Hatua ya tatu: Zuia uchafuzi kwenye malisho

Hatua hii ndiyo yenye manufaa kuliko zote, na kama fedha na watu havitoshi kufanya kila kitu, basi vielekezwe hapa. Ng'ombe mmoja wa maziwa hula kilo 50 au zaidi za majani mabichi kwa siku, na ili azipate hupita juu ya eneo kubwa, akikusanya tumboni yote yaliyoangukia majani hayo. Iodini huanza kuonekana kwenye maziwa yake siku hiyohiyo, na kufikia kilele baada ya siku mbili hadi nne. Maziwa ya mbuzi na ya kondoo kutoka katika malisho yaleyale huwa na iodini na sesiamu nyingi zaidi kwa lita, mara kadhaa kuliko ya ng'ombe, jambo linalosahaulika kwa urahisi kwa sababu mbuzi ni wachache na maziwa yao hayapiti kiwandani.

Tahadhari ikitolewa kabla wingu la mionzi halijafika, waingize wanyama bandani. Funika marundo ya majani makavu kwa turubai, funika visima na matangi ya maji, na ufunge mfumo unaokusanya maji ya mvua kutoka kwenye paa. Walishe majani makavu, sileji (majani yaliyovundikwa) au nafaka zilizovunwa kabla ya ajali. Poland ilifanya hivyo mwaka 1986: ilipiga marufuku maziwa ya ng'ombe waliokula majani mabichi, ikawapa watoto maziwa ya unga, na wakati huohuo ikagawa iodini isiyo na mionzi kwa watoto zaidi ya milioni 10.

Ng'ombe aliyekwisha kula majani machafu hajaharibika. Akihamishiwa kwenye malisho safi, iodini na sesiamu katika maziwa yake huanza kushuka ndani ya siku chache. Sesiamu hushuka kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, kwa kuwa ile iliyoingia kwenye misuli huendelea kurudi kwenye damu. Kwa hiyo usiyaruhusu maziwa yake kwa kuhesabu siku, bali kwa kuyapima.

Pale ambapo malisho safi hayapatikani, kuna dawa ya kulishia ambayo imethibitika vizuri kwa sesiamu. Ni bluu ya Prusia, rangi ileile ya wachoraji, katika aina iliyotayarishwa kwa ajili ya mifugo. Haifyonzwi na utumbo; huikamata sesiamu ndani ya tumbo na kutoka nayo kwenye kinyesi. Gramu 3 hivi kwa siku kwa ng'ombe mmoja zinaweza kupunguza sesiamu ya maziwa kwa asilimia 80 au zaidi. Huchanganywa kwenye chakula cha ziada, au huwekwa kwenye jiwe la chumvi la kulamba, au hutengenezwa kuwa vidonge vikubwa vinavyokaa katika tumbo la kwanza la mnyama na kuachilia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Norway iliitumia sana kwa wanyama waliolishwa milimani baada ya Chernobyl, na vidonge hivyo vilitumika pia katika Belarus, Ukraine na Urusi. Udongo wa mfinyanzi wa aina ya bentonaiti hufanya kazi inayofanana, ila huhitajika kwa mamia ya gramu kwa siku, na wanyama wengine huukataa.

Bluu ya Prusia haifanyi lolote kwa iodini wala kwa stronshiamu. Kwa stronshiamu, kinachosaidia ni kuongeza kalisi katika chakula cha ng'ombe: kiasi cha kalisi kikizidishwa mara mbili, stronshiamu inayofika kwenye maziwa hupungua kwa karibu nusu. Kalisi ikizidi mno huvuruga madini mengine mwilini, kwa hiyo daktari wa mifugo ndiye apange kiasi.

Hatua ya nne: Iache iodini ijimalize

Maziwa yenye iodini-131 peke yake hayana haja ya kumwagwa. Baada ya siku 8 iodini hubaki nusu, baada ya siku 16 robo, na baada ya siku 80 hubaki sehemu moja tu kati ya 1,000 hivi. Tuchukue maziwa yenye bekereli 4,000 kwa lita wakati kikomo ni 100. Lazima yapungue mara 40, na hiyo ni nusu-maisha tano na kidogo, yaani siku 43 hivi. Maziwa mabichi hayawezi kungoja muda huo, lakini maziwa ya unga, maziwa ya pakiti yaliyopashwa moto mkali, siagi, samli na jibini la kukomaa yanaweza. Hivyo basi, sindika kwanza kuwa bidhaa inayodumu, ifungie ghala lenye ufunguo, andika tarehe ya kutolewa, na uipime tena kabla ya kuitoa.

Njia hii ina mtego wake. Katika ajali ya kinu cha nyuklia, iodini mara nyingi huja pamoja na sesiamu, ambayo kusubiri siku 80 hakuipunguzi kwa kiasi chochote cha maana. Tena, kilo moja ya unga hutokana na takriban lita 8 za maziwa, kwa hiyo sesiamu kwenye unga itaonekana imepanda mara nane. Kipimo cha unga kilinganishwe na kikomo baada ya kuhesabu maji yatakayoongezwa wakati wa kuukoroga, na lebo iseme wazi kipimo ni cha unga mkavu au cha maziwa yaliyokorogwa.

Hatua ya tano: Tenganisha mafuta, na kuwa mwangalifu na jibini

Kwa kuwa dutu zote tatu hukaa katika maji na protini, mafuta yakitenganishwa huondoka yakiwa karibu masafi. Pitisha maziwa kwenye mashine ya kutenganisha krimu, sukasuka krimu hadi ipatikane siagi, mwaga tui la siagi, yaani majimaji yanayobaki siagi ikishatoka, kwenye chombo cha taka, kisha ioshe siagi kwa maji safi ya baridi mara kadhaa huku ukiikanda ili maji yaliyofichika ndani yake yatoke. Asilimia chache tu za iodini, sesiamu na stronshiamu za maziwa ya awali hufika kwenye siagi. Ikiyeyushwa kuwa samli, maji na protini zilizobaki hutoka, na kinachobaki hakina karibu chochote. Naiona samli kuwa bidhaa ya kuaminika kuliko nyingine yoyote inayotoka kwenye maziwa machafu, ingawa ni kweli kwamba anayehitaji maziwa kwa ajili ya mtoto hanufaiki nayo.

Jibini linahitaji hesabu. Maziwa yakigandishwa kwa reneti, yaani kimeng'enya cha kugandishia jibini, sesiamu nyingi, kama asilimia 90, huondoka na maji ya jibini. Msindikaji akisikia hivyo anaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini lita 10 za maziwa hutoa kilo moja tu ya jibini. Kama maziwa yalikuwa na bekereli 1,000 kwa lita, lita 10 zilikuwa na 10,000. Asilimia 10 iliyobaki ni 1,000, na zote zimo katika kilo moja. Jibini hilo lina sesiamu kwa kilo sawa na maziwa yaliyolitoa. Faida iliyopo ni kwamba watu hula jibini kidogo kuliko wanavyokunywa maziwa, na kwamba mgando ukioshwa kwa maji safi kabla ya kukandamizwa, kisha jibini likalowekwa kwenye maji ya chumvi, sesiamu hupungua zaidi.

Kwa stronshiamu mambo ni kinyume. Reneti huacha kalisi ndani ya mgando, na stronshiamu huifuata, hivyo jibini gumu huwa na stronshiamu iliyokolea mara kadhaa kuliko maziwa. Jibini laini linalogandishwa kwa asidi ni bora zaidi hapa, kwa sababu asidi huyeyusha kalisi na kuiachilia iende kwenye maji pamoja na stronshiamu. Bila jibu la hatua ya kwanza, msindikaji hawezi kuchagua baina ya njia hizi mbili.

Hatua ya sita: Rezini, pale ambapo kiwanda kinaweza

Kutoa mionzi kwenye maziwa na kuyaacha yakiwa bado maziwa ya kunywa kunawezekana, nako kulifanyiwa kazi kwa bidii nchini Marekani katika miaka ya 1960, wakati majaribio ya mabomu ya nyuklia angani yalipokuwa yakiangusha stronshiamu kwenye malisho. Mtambo wa ukubwa wa kiwanda ulijengwa katika mji wa Lebanon, jimbo la Missouri.

Utaratibu wenyewe ni huu. Maziwa baridi, karibu nyuzijoto 5, hutiwa asidi ya sitriki iliyozimuliwa, polepole na kwa kukorogwa, hadi pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke kutoka 6.6 kufikia 5.3 hivi. Asidi hiyo huilegeza stronshiamu kutoka kwenye kaseini. Baridi ni ya lazima: maziwa yenye joto yaliyotiwa asidi kiasi hicho yatagandia ndani ya mtambo. Kisha hupitishwa kwenye mnara uliojaa punje ndogo za rezini (aina ya plastiki inayobadilishana madini na kimiminika), ambazo zimekwisha kushibishwa kalisi, magnesiamu, potasiamu na sodiamu kwa uwiano uleule uliomo katika maziwa. Punje huikamata stronshiamu na kutoa madini hayo badala yake, na kwa kuwa uwiano ni uleule, maziwa hayapotezi kalisi yake. Mwishoni hurudishiwa pH yake kwa hidroksidi ya potasiamu, huondolewa maji ya ziada kwa mvuto wa ombwe, kisha hupashwa moto kuua vijidudu kama maziwa mengine. Zaidi ya asilimia 90 ya stronshiamu inaweza kuondolewa hivyo. Kwa iodini hutumika rezini ya aina nyingine, inayokamata chembe zenye chaji hasi, na maziwa hayahitaji asidi.

Minara hiyo ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana, kwa hiyo huoshwa na kutakaswa baada ya kila zamu. Kwa kiwanda kidogo kisicho na mkemia wa kudumu sishauri njia hii hata kidogo. Malisho safi yatakipa matokeo bora kwa gharama ndogo.

Hatua ya saba: Andaa mahali pa taka kabla ya kuanza

Kila bekereli iliyotoka kwenye maziwa ipo mahali fulani: kwenye maji ya jibini, kwenye tui la siagi, kwenye kinyesi cha ng'ombe aliyelishwa bluu ya Prusia, au kwenye rezini na maji ya chumvi yaliyoisafishia. Vitu hivi visilishwe nguruwe wala ndama. Maziwa yaliyokataliwa yasimwagwe mtoni, na hapa hatari haiko kwenye mionzi tu: lita moja ya maziwa ikioza hufyonza takriban gramu 100 za oksijeni kutoka kwenye maji, na samaki hufa kwa kukosa hewa. Kwa idhini ya mamlaka, maziwa yanaweza kuhifadhiwa kwenye mashimo ya samadi yenye hewa ya kutosha, au kunyunyizwa kwa kiasi kwenye ardhi ileile ambayo tayari imechafuliwa, mbali na visima na mifereji. Rezini iliyotumika ni taka ya mionzi kamili, na hukabidhiwa kwa chombo cha serikali chenye dhamana hiyo ikiwa ndani ya mapipa yaliyofungwa, kila pipa likiwa na lebo ya dutu iliyomo, kiasi chake na tarehe ya kipimo.

Ujerumani ilijifunza gharama ya kuliacha jambo hili hadi mwisho. Baada ya Chernobyl, maji ya jibini yenye sesiamu yalikaushwa kuwa unga, na tani 5,000 hivi zikakosa pa kwenda. Zilikaa kwenye mabehewa ya treni kwa miaka, hadi mtambo wa rezini ulipojengwa Lingen kwa ajili ya kuzisafisha. Kwa hiyo, kabla hujawasha mashine ya kutenganisha krimu, hakikisha chombo cha kupokelea kitakachotoka upande wa pili kipo, kina mfuniko, na kimekwisha kupatiwa mahali pa kukaa.